Meli Iliyobaki Kidogo Tu

Dada yangu ni fundi wa meno. Simaanishi daktari. Daktari ni yule anayekaa mbele, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na jina lake mlangoni. Dada anakaa nyuma, kwenye chumba kisicho na dirisha, ukuta mmoja na stoo ya mifagio, na ndiye anayetengeneza meno yenyewe. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa akichonga tabasamu za watu asiowajua, kwa nta na plasta, halafu daktari anazibeba kwenye kisahani na kwenda kupokea shukrani. Ukimuuliza kama jambo hilo linamkera, atakujibu kwamba meno yakikaa vizuri mdomoni hakuna anayekumbuka kuwa ni ya bandia, sembuse nani aliyeyatengeneza. Anasema hivyo kana kwamba ni habari njema.

Mumewe, yaani shemeji yangu, ni mtu wa mtindo mwingine. Yeye hajawahi kutengeneza kitu watu wasijue, hasa vile ambavyo hakuvitengeneza. Ni mkuu wa masjala katika ofisi moja ya umma, maana yake ana mamlaka kamili juu ya mafaili elfu kadhaa na binadamu watatu, na mafaili ndiyo yanayomtii. Kazini wanamwita Kapteni. Walimpa jina hilo kwa kejeli, kwa sababu ya meli. Yeye akalipokea kama cheo.

Meli yenyewe aliinunua miaka kumi na tisa iliyopita. Ilikuja vipande vipande ndani ya boksi refu kama droo ya kabati, na juu ya kifuniko palichorwa chombo cha milingoti mitatu kikipasua mawimbi, matanga yote yamejaa upepo. Chini ya picha waliandika: "Inawafaa wanaoanza." Ndani mlikuwa na vibao vyembamba kama kucha, mabunda ya uzi, nanga mbili za chuma zisizozidi jino la mbele kwa ukubwa, na michoro mikubwa iliyokunjwa mara nane. Kapteni alitutangazia, mezani, mbele ya wageni, kwamba itakamilika mwisho wa mwaka. Hakutaja mwaka gani.

Miezi mitatu ya kwanza alifanya kazi kila Jumamosi. Dada anaikumbuka kama miezi mizuri ya ndoa yake, kwa sababu mtu mwenye gundi vidoleni haongei sana. Halafu Jumamosi moja, bila kelele, Kapteni akairudisha meli kwenye boksi, akafunika, akafunga kwa kamba. Dada alipouliza kulikoni, akajibiwa kwamba gundi inahitaji kukauka.

Imekauka kwa miaka kumi na tisa.

Wala usidhani meli ilisahauliwa. Ilizungumzwa kuliko meli zinazoelea. Kwenye harusi za watu, kwenye vyumba vya wagonjwa, kwenye foleni za benki, Kapteni alikuwa tayari kueleza inavyojengwa, na mtu akiuliza imefikia wapi, jibu lilikuwa lilelile: "Imebaki kidogo tu." Boksi likahama kutoka chini ya kitanda kwenda juu ya kabati, kutoka juu ya kabati kwenda nyuma ya kochi, na hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Vumbi, alisema, ni adui wa ufundi. Vumbi likatii likabaki juu ya kifuniko.

Sasa, mwaka jana walipaka rangi chumba cha kulala, vitu vikatolewa na kuwekwa kwenye korido. Asubuhi moja dada akatoka bafuni amebeba beseni la nguo zilizofuliwa, haoni mbele, akalikanyaga boksi, akaanguka na beseni lake. Kapteni alitoka sebuleni mbio, akapiga magoti, akaweka mikono miwili juu ya boksi.

"Imevunjika?" akauliza.

"Mguu au meli?" akauliza dada kutoka sakafuni.

Kapteni alichelewa kidogo tu kujibu. "Vyote, mke wangu. Nauliza vyote."

Kilichovunjika kilikuwa kifundo cha mguu. Hospitalini wakamfunga plasta kutoka vidoleni hadi chini ya goti, wakamwambia akae nyumbani wiki nane. Dada, ambaye amekoroga plasta tangu mimi nikiwa shuleni, aliitazama kazi ile kwa makini, akamwambia yule aliyemfunga kwamba maji yamezidi na kuna mapovu pale kisiginoni. Jamaa alimshukuru kwa maoni yake.

Wiki iliyofuata Kapteni akapata barua ya kwenda kusimamia uhamishaji wa mafaili kwenye tawi la mji mwingine, miezi miwili. Alisikitika sana kumwacha mkewe katika hali ile. Alisikitika huku akipiga mluzi na kukunja mashati. Mlangoni akanishika bega.

"Shemeji, nakukabidhi dada yako. Dawa, chakula, asisimame sana."

"Sawa, shemeji."

"Na lile boksi, tafadhali, rudisha juu ya kabati. Usilifungue, lakini."

Mimi ni msahihishaji kwenye gazeti. Naingia kazini saa kumi alasiri, na riziki yangu inatokana na makosa ya watu, kwa hiyo siku zangu za mchana ni huru na jicho langu si zuri. Nikawa napanda ghorofa mbili kila siku kumwangalia dada. Siku ya tatu alikuwa amekarabati zipu zote za nyumba. Siku ya tano alikuwa ameketi dirishani, mguu juu ya kigoda, akinielezea meno ya kila jirani aliyepita chini. Siku ya sita nilipoingia hakunisalimu hata.

"Nipe lile boksi."

"Boksi gani?"

"Lililonivunja."

"Kapteni amesema lisifunguliwe."

"Kapteni ana miguu miwili. Lete."

Nikalishusha. Tulipokata kamba, ilitoka harufu ya karatasi iliyokolea unyevu na ya kitu kingine ambacho tulikuja kujua ni panya. Panya walikuwa wamekula tanga kubwa na kubakiza matanga madogo, nadhani kwa ajili ya siku za shida. Nanga moja haikuwepo. Na meli, ile meli niliyosimuliwa nusu ya maisha yangu, tuliitoa kwa mikono minne na kuiweka mezani, ikainama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Ilikuwa tumbo tu, halina sitaha, halina mlingoti. Ubavu mmoja ulikuwa umefunikwa kwa vibao, mwingine nusu. Kati ya kibao na kibao unaweza kupitisha sarafu. Mahali ambapo nyufa zilizidi, Kapteni alikuwa ameshindilia rojo la kuziba matundu ya ukuta, akalipaka rangi ya kahawia, akaamini mambo yameisha. Gundi ilikuwa imeganda kwa vidonge, kama matone ya mshumaa.

Dada hakucheka. Alivuta taa ya mezani, akachukua kile kioo chake kidogo chenye mpini, kile cha kutazamia nyuma ya magego, akaanza kuchungulia ndani ya meli. Alichungulia muda mrefu. Mwishowe akaniita.

"Unayaona haya?" Alinionyesha mbao zilizosimama ndani kama mbavu za samaki. "Haya ni mataruma. Ndiyo yanayoupa ubavu umbo lake. Kila moja lina namba na mahali pake. La tano amelikalisha pa la sita, na la sita pa la tano."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Mengine yote yamejaribu kulifuata hilo kosa."

Nilielewa haraka kuliko nilivyopenda. Nimeona makala ndefu zikipotoka kwa sababu ya tarehe moja ya aya ya kwanza, na mwandishi badala ya kuirudia tarehe anaongeza aya nyingine nne za kuitetea.

Chini kabisa ya boksi, ndani ya mikunjo ya michoro, palikuwa na karatasi ya ofisi. Mwandiko ulikuwa wa Kapteni, ule wa masjala, kila herufi imevaa tai. Tarehe ilikuwa ya miaka kumi na tisa iliyopita. Alikuwa ameandika makosa yote, moja baada ya jingine, kwa namba, kama mafaili yaliyopotea: mataruma ya tano na sita, mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, uliopinda, mahali alipokata kibao kifupi, mahali alipoziba. Hakuna alichosahau. Alikuwa ameliona kosa lile lile tuliloliona sisi, na bila kioo. Halafu chini, bila namba, aliandika: "Kubomoa siwezi. Kuendelea siwezi. Na wote wameshajua kwamba najenga meli."

Nilikuwa na maneno matatu ya kuchekesha yamekaa tayari ulimini. Dada akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa sweta.

"Usimwambie mtu."

"Dada, hii ni dhahabu."

"Nimesema usimwambie mtu." Akaitazama meli tena. "Miaka yote nilidhani ni uvivu. Kumbe mtu alikuwa anaogopa."

Basi, akaanza kubomoa. Na hapo ndipo nilipomwona dada yangu akiwa kazini kwa mara ya kwanza, maana kile chumba chake cha nyuma hawaingii wageni. Alilowesha pamba kwa spiriti, akailaza juu ya kiungo, akasubiri. Hakulazimisha kitu. Gundi ilipolainika aliingiza kisu chake chembamba cha nta, kibao kikaachia chenyewe, akakiandika namba kwa penseli na kukilaza juu ya gazeti langu. Kwa siku nne hakufanya kingine. Kuna sehemu ambazo Kapteni, subira ilipomwishia, alihamia kwenye ile gundi kali inayoshika papo hapo, na hizo spiriti haikuziweza. Iliyoziweza ni dawa yangu ya kuondoa rangi ya kucha. Chupa nzima iliishia kwenye meli, nami nikaenda kazini wiki mbili na kucha zilizobanduka rangi nusu kama ukuta wa shule.

Kila siku saa saba mchana simu ililia.

"Unafanya nini, mke wangu?"

"Nimekaa."

"Vizuri. Usijichoshe. Boksi liko juu ya kabati?"

"Hapo nilipo silioni," alijibu dada, na ilikuwa kweli, maana boksi tulishalitupa.

Mataruma yakarudi kila moja mahali pake, mkuku ukanyooshwa kwa kufungwa siku tatu kwenye rula ya chuma, na vibao vikaanza kupanda upya. Dada alivishika juu ya mvuke wa birika hadi vikalegea, akavizungusha kwenye chupa ya dawa ya tumbo ya mtoto wa jirani, akavifunga na raba, akavisahau hadi kesho yake. Vilivyokuwa vifupi au vilivyovunjika havikuwa na akiba. Akanituma kliniki kwake, na orodha. Nikarudi na boksi la vile vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi, nta ya rangi ya waridi, na unga na maji yake ya kutengenezea fizi. Mlinzi aliniuliza naenda kumng'oa nani.

Ile nanga iliyopotea ndiyo iliyomfurahisha kuliko vyote. Alichukua chapa ya nanga iliyobaki, kama anavyochukua chapa ya taya, akamimina ndani fizi ya bandia, akasubiri, akatoa nanga ya pili. Ilifanana na mwenzake kwa kila kitu isipokuwa ilikuwa ya waridi, kama ulimi. Akaipaka rangi nyeusi. Matanga alikata kwenye koti jeupe la daktari wake, ambalo daktari alilitupa kwa sababu ya doa na dada akaliokota litumike kama tambara. Alilichovya kwenye chai lipate uzee, akalishona kwa mkono. Sikusema kitu kuhusu kuona koti lile hatimaye likifanya kazi. Nyuzi zote, na zilikuwa nyingi kuliko sababu za kuishi, alizivuta kwenye nta moja moja zisitoe manyoya.

Mimi nilikuwa naye. Nilifumua nyuzi, nikasoma maelezo ya michoro kwa sauti. Yalikuwa yameandikwa na mtu aliyeona meli kwa mbali. Nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaambiwa niache ujuaji nisome.

Siku moja mlingoti wa katikati ulikatika mkononi mwake, na yote yaliyofungwa juu yake yakalegea mara moja. Kazi ya siku tisa. Dada aliweka kibano chini, akajifuta macho kwa mkono wa sweta, akakaa akitazama mguu wake wa plasta.

"Tuache," nikasema. "Ni meli ya mtu mwingine."

"Wewe ukikuta gazeti lina kosa unaacha?"

"Mimi nalipwa."

"Basi nenda kalipwe."

Nikaenda. Nilipokuja kesho yake mlingoti ulikuwa umesimama, ndani yake ameupitisha waya wa kunyooshea meno.

Swali nililolihifadhi nilimuuliza wiki ya saba. "Ukimaliza utamfanyia nini? Utampa zawadi, au utamwonyesha karatasi?"

Alikuwa anafunga kifundo kidogo kuliko punje ya mchele. "Sijajua bado," akasema. Nami nikamwamini.

Kapteni alirudi Jumamosi mchana. Plasta ilikuwa imeshatolewa, dada anatembea kwa gongo moja. Meli ilikuwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, imesimama wima, milingoti mitatu, nanga mbili, nyuzi zimenyooka kama mistari ya daftari. Nilikuwa nimechukua likizo ya siku moja makusudi nisikose. Nilikaa na kikombe cha chai, mkao wa mtu aliyelipia kiti cha mbele.

Kapteni aliingia na begi. Akaiona. Begi likabaki mkononi. Aliizunguka upande huu, akaizunguka upande ule, akainama, akapitisha kidole polepole ubavuni, hadi pale ambapo kwa ndani linakaa taruma la tano. Kidole kikasimama pale. Halafu akanyooka, akatugeukia.

"Mnaona sasa?" akasema. "Niliwaambia imebaki kidogo tu."

Kikombe kile ni cha dada, ndiyo maana sikukirusha. Dada yeye alisema, "Karibu nyumbani," akaenda jikoni. Nikamfuata.

"Mtolee ile karatasi! Iko wapi?"

"Iko mahali pake."

"Utamwacha hivihivi?"

"Mdogo wangu, ametoka safari. Mwache ale kwanza."

Jumatatu Kapteni aliibeba meli kwa teksi, ameipakata kama mgonjwa, akaiweka masjala juu ya kabati la mafaili. Kwa wiki nzima watu waliteremka kutoka idara zote kuja kuiona. Aliwaeleza. "Watu wanadhani kazi ni matanga," aliwaambia. "Kazi ni mataruma. Ukikosea taruma moja umekwisha." Alilisema kwa uchungu wa kweli, wakaguna kwa heshima. Habari hizi nilizipata kwa karani wake, ambaye hakuwa na haja ya kuongeza chumvi.

Na ndipo ikaja barua kutoka maktaba ya mji, ambako sifa za meli zilikuwa zimefika. Ukumbini kwao, ndani ya kabati la kioo, kulikuwa na meli ya mbao ya zamani, zawadi ya mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Dari lilivuja, likalowa, kipande chake kikaanguka kikapita kwenye kioo na kutua juu ya meli. Ukumbi ungefunguliwa upya baada ya majuma sita. Mkutubi mkuu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini ya watu wa maktaba, alikuja masjala mwenyewe, akaiangalia meli ya Kapteni kwa dakika mbili, akauliza kama fundi angekubali kuwasaidia.

Kapteni alikubali. Alikubali kwa sababu palikuwa na watu.

Meli ya maktaba ilifika nyumbani ndani ya kreti mbili za matunda. Ilikuwa kubwa mara mbili ya ile, na haikuwa na michoro, wala namba, wala picha ya kifuniko. Kapteni aliziweka kreti sebuleni akakaa kuzitazama kwa siku nne. Mkutubi alipopiga simu kuuliza maendeleo, nilimsikia kwa masikio yangu akimjibu kwamba gundi inahitaji kukauka. Chupa ya gundi ilikuwa bado imefungwa na karatasi ya dukani.

Dada alirudi kazini kwake, akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni, anapita karibu na kreti, anasema habari za kutwa, anaenda kubadili nguo. Hakuuliza lolote. Sijawahi kuona ukimya uliochongwa vizuri namna ile.

Jumapili mchana nilifika nikamkuta Kapteni peke yake mezani. Alikuwa amevaa miwani, mikono ya shati imekunjwa, mbele yake vipande viwili vya mbao ambavyo havikuwa na uhusiano wowote. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa kwa adabu, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani.

"Shemeji, habari za leo," akasema.

"Nzuri. Mbona mkono uko juu?"

Akanionyesha. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeshikana. Gundi kali. "Tangu saa nne," akaongeza.

Nilikuwa na mengi ya kusema, na nakiri nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Lakini uso wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba hata mimi nilikosa hamu. Nikamwita dada. Akaja na pamba, na ile chupa mpya ya dawa ya kucha aliyoninunulia kufidia ya kwanza, akavuta kiti, akaushika mkono wa mumewe, akaanza kusugua polepole katikati ya vidole, akisubiri, haulazimishi. Nikajifanya nasoma gazeti la jana, ambalo nililisoma mara mbili lilipokuwa la kesho.

"Uliiona ile karatasi," Kapteni akasema baadaye.

"Niliiona."

"Lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na hukusema."

"Wewe ulisema?"

Pamba ikaendelea.

"Nilitaka kukuambia siku ileile," akasema Kapteni. "Nikasema acha kwanza nirekebishe. Halafu wageni wakaja. Halafu nikawa nimeshawaambia watu... Ukishasema mara kumi, ya kumi na moja inatoka yenyewe." Akavuta pumzi. "Na hata juzijuzi, niliporudi safari nikaiona imesimama, nilitaka kusema kitu kingine. Lile neno likatangulia."

"Najua."

"Sasa nifanye nini?"

"Kesho nenda kamwambie yule mama."

"Twende wote."

"Sikuwepo ulipokubali," dada akasema, na vidole vikaachana.

Jumatatu Kapteni alivaa suti. Alitoka nyumbani na uso wa mtu anayekwenda kusomewa hukumu, na kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu safari hii alisimulia yote bila kurembesha, alizunguka jengo la maktaba mara mbili kabla ya kuingia. Alimkuta mkutubi mkuu ameinama chini ya meza. Akasimama wima, akasema kila kitu: kwamba meli si kazi yake, ni ya mkewe, kwamba yeye aliharibu mataruma, akaificha miaka kumi na tisa, na kwamba amewadanganya watu wote wa ofisi yake na yeye mama mkutubi pia.

"Ahaa," mkutubi akasema kutoka chini ya meza. "Kwa hiyo barua ya shukrani tuiandike kwa jina la mama. Samahani, hujaona miwani yangu hapo ulipo?"

Ndiyo hukumu aliyoiogopa miaka kumi na tisa. Akamtafutia miwani. Ilikuwa juu ya mashine ya kutoa nakala, na mama akamshukuru kwa hilo kuliko kwa ukweli wake.

Ofisini walimcheka siku mbili. Siku ya tatu ukazuka ugomvi kuhusu nani ahamie chumba chenye feni, na meli ikasahaulika. Kapteni aliniambia kwamba aliumia kidogo kuona walivyosahau haraka. Jina lake halikubadilika. Walikuwa wanamwita hivyo kwa mzaha tangu mwanzo, na mzaha haukuwa na sababu ya kuacha.

Meli ya maktaba haikutengenezewa nyumbani. Dada alikataa. Alisema amefanya kazi miaka ishirini na saba kwenye chumba cha nyuma, na kama wanamtaka wampe meza penye dirisha. Wakampa, kwenye chumba cha kusomea magazeti, mahali ambapo kila anayepita anamwona. Anakwenda Jumamosi. Watu husimama, wanatazama mikono yake, wengine wanauliza maswali, na dada yangu, huyu aliyekuwa akisema haoni haja, anawajibu kwa kirefu na kunyoosha mgongo. Wiki ya tatu alikwenda saluni kwanza.

Na Kapteni anakwenda naye. Hagusi gundi. Aliomba apewe kazi ya vipande. Vile vipande mia mbili na kitu vilivyotoka kwenye kreti vikiwa fujo tupu, kila kimoja sasa kiko ndani ya bahasha yake, kina namba, kina maelezo ya mahali kilipookotwa, na kimeandikwa kwenye daftari kubwa lenye mistari. Hakuna kipande kinachotoka kwenye bahasha bila saini. Kibano nacho kinasainiwa. Nilijiandaa kumcheka, kisha nikamsikia dada akisema, "Nipe kile chembamba chenye matundu mawili, cha nyuma," na Kapteni, bila kutazama, akanyoosha mkono akakitoa. Dada aliniambia hajawahi kufanya kazi haraka namna ile maishani mwake. Nikaona bora nimsifu mtu kidogo, mara moja haiui.

Jumamosi iliyopita nilipita kuwasalimia, nikawakuta katika mgogoro mzito wa sauti ya chini, ule unaoruhusiwa maktaba. Kijiti cha bendera kimepotea. Dada alikuwa amepiga magoti chini ya meza akipapasa sakafu, na Kapteni amesimama juu yake na daftari lake wazi, mpole kupita kiasi.

"Hapa pana saini yako, mke wangu. Saa nne na robo."

"Nilikurudishia."

"Pa kurudishia pako wazi."

"Kapteni, nisaidie kutafuta."

"Natafuta. Ndiyo natafuta, kwenye daftari."

Wasomaji wawili waliacha magazeti yao wakaanza kutazama chini ya viti. Mkutubi mkuu akaja, akavaa miwani, akavua. Mimi niliketi. Nilikiona tangu nilipoingia. Kilikuwa kimenasa kwenye nywele za dada, juu kidogo ya sikio. Lakini sikuwahi kuwaona wawili wale wakizungumza muda mrefu namna ile, na kazini siingii hadi saa kumi, kwa hiyo sikuwa na haraka.